Je, Minyoo Inamkinga Mtoto na Pumu?



Katika ziara zetu tumeulizwa swali moja mara nyingi, kila pahali kwa njia yake. Mzee mmoja alituambia hivi: "Sisi tulikua na minyoo tumboni, na hatukuona watoto kifua kikilia filimbi usiku. Sasa wajukuu wetu wanapewa vidonge shuleni na pumu tunaiona. Si nyinyi mmetuletea?" Mama mmoja naye alikuwa amesikia redioni kwamba kuna wazungu wanaojitia minyoo mwilini ili kutibu aleji. Akauliza: "Ikiwa wao wanaitafuta, mbona sisi tunaifukuza?"

Maswali haya si ya kuchekwa. Tunajua wazazi ambao humzuia mtoto nyumbani siku ile ya dawa ya minyoo kwa sababu ya maneno kama haya. Tena maneno yenyewe yana ukweli ndani yake, na yana makosa ndani yake, yamechanganyika kama mawe na maharagwe. Kazi yetu leo ni kukaa chini na ungo, tuchambue pamoja.

Jibu kwa ufupi ni hili. Ni kweli kwamba minyoo inaweza kutuliza kinga ya mwili, na mwili uliotulizwa hivyo pengine hauwashwi sana na vumbi au vyakula. Lakini kumwachia mtoto minyoo hakumkingi na pumu, na hasara yake ni kubwa. Sasa tueleze kwa nini tunasema hivyo.

MINYOO TUNAYOIZUNGUMZIA

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama bilioni 1.5 wana minyoo inayopatikana kwa udongo. Hiyo ni karibu mtu mmoja kwa kila watano duniani. Hapa kwetu tunaijua aina tatu kubwa.

Ya kwanza ni mchango, ile minyoo mirefu ya duara ambayo mama huiona mtoto anapoitoa. Mnyoo mmoja anaweza kufikia urefu wa sentimita 30. Jike mmoja hutaga mayai kama 200,000 kwa siku moja. Mayai hayo hutoka na choo, yakakaa udongoni, na mtoto huyameza kwa mikono michafu au mboga isiyooshwa.

Ya pili ni safura. Hii ni midogo, karibu sentimita moja tu, lakini ina meno na inanyonya damu. Watoto wake huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu usio na kiatu.

Ya tatu ni minyoo mjeledi, iliyo nyembamba upande mmoja kama kiboko cha kuchungia ng'ombe.

Pamoja na hizi kuna kichocho, au bilhazia. Hiyo haitoki kwa udongo, hutoka kwa maji ya ziwa, mabwawa na mifereji yenye konokono, na minyoo yake huishi ndani ya mishipa ya damu.

Jambo moja la kukumbuka: minyoo hii haizaliani na kujaa tumboni kama panya ghalani. Kila mnyoo mmoja mkubwa aliye ndani ya mtoto aliingia kivyake kutoka nje. Mwenye minyoo 50 ameambukizwa mara nyingi. Kwa hivyo wingi wa minyoo unatuambia habari za choo na udongo wa boma.

KINGA YA MWILI NI KAMA MBWA WA BOMA

Mwili una walinzi wake. Wengi wao ni chembechembe nyeupe za damu. Wengine ni vitu vidogo sana vinavyoitwa kingamwili, ambavyo hushika adui na kumtia alama ili apigwe.

Walinzi hawa tunaweza kuwafananisha na mbwa wa boma. Mbwa mzuri anabweka mwizi akija, na ananyamaza mwenye nyumba akipita. Kazi ngumu ya mbwa si kubweka tu. Ni kujua wa kubwekea na wa kumwachia.

Mzio, au aleji kama wengi wetu tunavyosema, ni mbwa anayembwekea mgeni asiye na hatia. Vumbi la godoro, manyoya ya paka, unga wa maua, karanga: vitu hivi si adui. Lakini mwili wa mtu mwenye mzio unaviona kama adui na kuvishambulia. Matokeo ni kupiga chafya, macho kuwasha, ngozi kutoka ukurutu, au njia za hewa kubana hata kifua kikalia. Hiyo ya mwisho ndiyo pumu, ingawa si pumu yote inatokana na mzio.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Katika mwaka 1966 watafiti wawili Wajapani, bwana na bibi Ishizaka, wakifanya kazi huko Denver, Marekani, walitambua kingamwili inayoleta mzio. Ikaitwa IgE. Baadaye ilionekana kwamba mtu mwenye minyoo huwa na IgE nyingi sana katika damu, hata kama hana aleji yoyote. Kumbe silaha ile ile ambayo mwili huitumia kwa minyoo ndiyo inayofyatuka bure kwa mtu mwenye mzio.

Hapo ndipo wataalamu walipojiuliza: mtu mwenye minyoo ana silaha imejaa risasi, mbona basi hapigi chafya kila siku?

MWIZI ANAYEMPA MBWA NYAMA

Jibu ni kwamba minyoo ina ujanja. Mnyoo hataki kumuua mtu anayemlisha. Anataka akae naye miaka, na asifukuzwe. Mwizi mzoefu haji kwa boma mikono mitupu. Anakuja na kipande cha nyama, anampa mbwa, na mbwa analala.

Minyoo hutoa vitu ambavyo huamsha chembechembe fulani za damu zenye kazi ya kutuliza wengine. Sisi tuziite wazee wa kupatanisha. Kazi yao katika mwili wenye afya ni njema: wanazuia vita visiwe vikubwa kuliko lazima. Chombo kimoja wanachotumia kinaitwa interlukini-10. Ikitoka kwa wingi, walinzi wengine hupunguza ukali.

Mnyoo anafaidika, kwa sababu hapigwi sana. Lakini mbwa aliyelala hachagui. Akilala kwa sababu ya mwizi, hata mgeni anayepita habwekewi. Ndiyo maana mtu mwenye minyoo ya siku nyingi anaweza kukaa na vumbi na asione kitu.

Huo ndio ule ukweli ulio ndani ya maneno ya mzee wetu.

WATAFITI WALIONA NINI?

Mwaka 1989 daktari mmoja wa London, David Strachan, aliandika kuhusu watoto zaidi ya 17,000 wa Uingereza waliozaliwa mwezi wa Machi 1958. Aliona kwamba watoto wenye kaka na dada wakubwa wengi walipata mafua ya unga wa maua kwa uchache kuliko wale waliozaliwa peke yao au wa kwanza. Alifikiri kwamba mtoto wa nyumba yenye watu wengi hupata viini vingi akiwa mdogo, na viini hivyo huenda vinaifundisha kinga yake. Tangu hapo wengi walianza kuuliza kama usafi wa maisha ya kisasa unaongeza mzio.

Hapa Afrika, utafiti unaotajwa sana ulifanywa Lambaréné, nchini Gabon, na kutangazwa mwaka 2000. Watoto wa shule 520 walipimwa. Waliwekewa juu ya ngozi tone lenye utitiri wa vumbi la nyumbani, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, kisha ngozi ikadungwa kidogo. Watoto waliokuwa na kichocho cha mkojo, ngozi yao ilivimba kwa uchache kuliko wasiokuwa nacho. Na wale ambao damu yao ilitoa interlukini-10 kwa wingi ndio waliotulia zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa huko huko wakatangaza jambo la pili: watoto waliotibiwa minyoo mara kwa mara kwa miezi 30, ngozi yao ilianza kuvimba zaidi kwa vumbi.

Kenya nayo ina habari yake. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 1998, watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a walikimbizwa kidogo kisha wakapimwa pumzi. Nairobi, karibu watoto 23 kwa kila 100 walibanwa njia za hewa baada ya kukimbia. Murang'a walikuwa karibu 13 kwa kila 100. Lakini tukumbuke mji na mashamba vinatofautiana kwa mambo mengi sana: moshi wa magari, nyumba zilizobanana, vyakula, hali ya hewa. Huwezi kuchukua tofauti hiyo yote ukaitundika kwa minyoo.

BASI TUIACHE MINYOO? HAPANA, NA SABABU NI HIZI

Ndugu zetu, hapa tunaomba msome polepole. Kuvimba ngozi kwa tone la vumbi si ugonjwa. Ni alama tu kwamba mbwa ameamka. Mtoto anaweza kuvimba ngozi kwenye kipimo na asiugue pumu maisha yake yote. Swali linalotuhusu wazazi ni lingine: mtoto akipewa dawa ya minyoo, je, atapata pumu?

Njia nzuri ya kujua ni kuchukua vijiji au shule nyingi, nyingine zipewe dawa mara nyingi, nyingine zisipewe au zipewe kwa kawaida, kisha watu wote wapimwe. Hilo limefanywa.

Nchini Ecuador, Marekani ya Kusini, watoto wa shule walipewa dawa ya albendazoli kila baada ya miezi miwili kwa mwaka mzima, na shule nyingine hazikupewa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Mzio haukuongezeka kwa waliopewa dawa, wala kifua kulia hakukuongezeka.

Karibu zaidi na sisi ni Uganda. Katika visiwa vya Koome ndani ya Ziwa Victoria, wilaya ya Mukono, vijiji 26 vya wavuvi viliingia katika utafiti kati ya mwaka 2012 na 2016. Nusu ya vijiji vilipewa dawa za minyoo na za kichocho kila miezi mitatu. Nusu nyingine vilipewa kwa kiwango cha kawaida, yaani dawa ya kichocho mara moja kwa mwaka na ya minyoo mara mbili. Baada ya miaka mitatu, kichocho kilikuwa kimepungua zaidi kule kwenye dawa nyingi. Lakini kifua kulia kilikuwa sawa pande zote mbili, na vipimo vya mzio vilikuwa sawa.

Hawa wavuvi wanaishi kama ndugu zetu wa Homa Bay na Busia. Wanakula omena ile ile na kuoga maji ya ziwa lile lile. Matokeo yao yanatuhusu.

Tusifiche upande wa pili. Huko huko Uganda, mjini Entebbe, wanawake wajawazito 2,507 walifuatwa na watoto wao. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba watoto wachanga ambao mama zao walimeza albendazoli wakati wa mimba walipata ukurutu wa ngozi zaidi kuliko wengine. Hilo linaonyesha kwamba mwili wa mtoto huenda unaanza kufundishwa mambo haya akiwa bado tumboni mwa mama. Lakini watoto hao walipofuatwa hadi umri wa miaka 9, tofauti ya mzio haikuonekana tena. Somo tunalolipata hapo ni kwamba mama mjamzito asijinunulie dawa ya minyoo dukani. Aulize kliniki. Dawa hizi hazitolewi katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, na baada ya hapo mhudumu ataangalia kama mama ana upungufu wa damu na kama sehemu hiyo ina safura nyingi.

NA WALE WAZUNGU WANAOJITIA MINYOO?

Ni kweli, wapo waliojaribu. Katika mji wa Nottingham, Uingereza, wagonjwa wa pumu walikubali kuwekewa ngozini watoto 10 wa minyoo ya safura, na wengine wakawekewa kitu kisicho na minyoo bila kujua ni kipi. Walifuatwa kwa wiki 16. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010: pumu yao haikupata nafuu ya maana.

Tena mama yetu aliyeuliza aangalie tofauti. Wale walikuwa watu wazima, wanakula vizuri, wanapimwa damu na daktari, na wanawekewa minyoo 10 iliyohesabiwa. Mtoto wetu anayetembea bila viatu hahesabiwi minyoo yake na mtu yeyote. Watafiti wenyewe siku hizi hawatafuti sana minyoo mizima. Wanatafuta kile kipande cha nyama, yaani vile vitu ambavyo mnyoo huvitoa kutuliza kinga, ili siku moja vitengenezwe kuwa dawa bila mnyoo mwenyewe.

MCHANGO UNAWEZA KULETA KIFUA

Kuna jambo ambalo halisemwi redioni. Minyoo yote si sawa. Mtoto akimeza yai la mchango, kile kinyoo kidogo hakibaki tumboni moja kwa moja. Kinatoboa utumbo, kinaingia kwa damu, kinafika mapafuni, kinapanda hadi kooni, kisha kinamezwa tena na kurudi tumboni kukua. Kikiwa mapafuni mtoto anaweza kukohoa kikohozi kikavu, kupata homa na kifua kulia kama mwenye pumu.

Mwaka 2006 wataalamu walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali na kuzilinganisha. Waliona kwamba safura iliambatana na pumu kidogo, lakini mchango uliambatana na pumu zaidi. Kwa hivyo anayesema "minyoo inazuia pumu" amechanganya aina zote kwa gunia moja. Na mtoto wa miaka mitatu anayechezea udongo wa boma lisilo na choo, ule mchango ndio anaokutana nao kila siku.

BEI YA USINGIZI WA MBWA

Hata kama minyoo ingetuliza mzio kidogo, tuangalie tunalipa nini.

Kwanza, damu. Safura inanyonya kidogo kidogo, na iliyo mingi humfanya mtoto awe mweupe viganjani, achoke, ashindwe kucheza. Mama mjamzito mwenye safura nyingi anafika siku ya kujifungua akiwa na damu pungufu, na hapo maisha yake yanakuwa hatarini.

Pili, chakula. Mchango unakula kile ambacho mama ametafuta kwa jasho. Ikiwa mingi sana inaweza kujifunga kama kamba na kuziba utumbo, na mtoto akapelekwa kupasuliwa.

Tatu, masomo. Busia, kuanzia mwaka 1998, shule za msingi 75 ziliingizwa kwa awamu katika mpango wa dawa za minyoo. Watafiti Edward Miguel na Michael Kremer waliripoti mwaka 2004 kwamba kukosa shule kulipungua kwa robo. Hata watoto wa shule jirani ambazo hazijapewa dawa walifaidika, kwa sababu mayai yaliyotupwa udongoni yalipungua. Kenya iliendesha dawa shuleni mwaka 2009, na kuanzia 2012 ukaja mpango mkubwa wa kitaifa uliofikia mamilioni ya watoto.

Nne, chanjo. Chanjo ni kumwonyesha mbwa sura ya mwizi kabla hajaja. Mbwa aliyelala haoni picha vizuri. Nchini Ethiopia ilionekana kwamba watu waliotibiwa minyoo kwanza, damu yao iliitikia vizuri zaidi chanjo ya kifua kikuu. Ecuador ilionekana vivyo hivyo kwa chanjo ya kipindupindu ya kunywa. Hali hii haikuonekana kwa kila chanjo, na mzazi asichelewe chanjo ya mtoto eti anangoja dawa ya minyoo. Mtoto apate vyote viwili, kila kimoja kwa wakati wake.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu mnyoo yuko ndani zaidi ya nguo.

BASI PUMU TUNAYOIONA INATOKA WAPI?

Pumu haina mzazi mmoja. Inaweza kufuata ukoo. Inaamshwa na mafua, vumbi, baridi, moshi wa sigara na moshi wa kuni. Akina mama wanaopikia katika jiko lisilo na dirisha, mtoto amefungwa mgongoni, wanajua macho yanavyowasha. Mapafu ya mtoto nayo yanawasha vivyo hivyo. Pia zamani mtoto aliyekuwa na pumu pengine aliitwa mwenye kifua tu, au nimonia, au kurogwa. Leo anapimwa na kupewa jina la ugonjwa wake, kwa hivyo tunawaona zaidi.

Kwa hivyo ukitaka kumkinga mtoto na pumu, usianze na kidonge cha minyoo. Anza na moshi.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

1. Siku ya dawa ya minyoo, kila mtoto aende. Walio chini ya umri wa shule waulizieni kwa mhudumu wa afya wa kijiji au zahanati. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili hupewa nusu ya kipimo cha mkubwa, kwa hivyo usimkatie mwenyewe kwa kubahatisha.

2. Dawa bila choo ni kuteka maji kwa pakacha. Dawa inatoa minyoo iliyomo leo, lakini mtoto akirudi kwa udongo ule ule ataambukizwa tena baada ya miezi michache. Kikundi kihesabu ni boma ngapi hazina choo, na pesa za mzunguko ziwasaidie walio nyuma, kwa mfano wajane na wazee. Choo kiwe na kifuniko.

3. Wekeni pahali pa kunawa mikono karibu na choo. Debe dogo la plastiki lenye tundu, likaning'inizwa kwa kamba, na sabuni kando, linatosha.

4. Viatu kwa watoto na kwa wanaolima, hasa wakati wa mvua. Hata sandali za tairi zinasaidia, ingawa kiatu kilichofunika mguu ni bora.

5. Mboga na matunda yanayoliwa mabichi yaoshwe kwa maji safi. Kinyesi cha binadamu kibichi kisiwekwe shambani.

6. Wanaoishi karibu na ziwa au mifereji, waulize zahanati kuhusu dawa ya kichocho inayoitwa prazikwanteli. Ile ya minyoo ya kawaida haiui kichocho.

7. Jikoni patobolewe dirisha, au jiko liwekewe bomba la moshi. Hii ni kazi ya siku moja kwa vijana wa kikundi.

8. Mtoto mwenye pumu apelekwe kliniki na atumie inhela kama alivyoonyeshwa. Inhela haimfanyi mtoto kuwa mtumwa wa dawa, kama wengine wanavyosema. Mtoto akishindwa kuongea kwa kukosa pumzi, mbavu zikibonyea ndani, au midomo ikibadilika rangi, msingoje asubuhi. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.

9. Mtoto mwenye pumu naye anywe dawa ya minyoo kama wenzake. Mwambieni tu mhudumu hali yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Katika kijiji chetu, ni wazazi wangapi huwazuia watoto siku ya dawa? Wana sababu gani? Nani anaweza kwenda kuongea nao kwa heshima?

- Mwizi anampa mbwa nyama ili alale. Elezeni mfano huu kwa maneno yenu kwa mtu ambaye hakusoma ukurasa huu.

- Ni boma ngapi hazina choo? Ni jiko ngapi hazina pahali pa moshi kutoka? Kikundi kitaanza na lipi, na kwa tarehe gani?

- Mwenyekiti na karani waandike majibu katika kitabu cha kikundi. Tukija kwa ziara tutaomba kukiona, tujue choo cha kwanza kimechimbwa kwa nani.